Leseni ya televisheni ya Uingereza mbele ya kompyuta

Taarifa ya habari ya saa mbili usiku kutoka Dar es Salaam humfikia Mtanzania aliyeko Leicester saa kumi na moja jioni wakati wa majira ya baridi, na saa kumi na mbili jioni Waingereza wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele. Akiifungua kwenye kompyuta yake mubashara, kupitia YouTube au tovuti ya kituo chenyewe, anatakiwa awe na leseni ya televisheni, ambayo katika mwaka wa malipo ulioanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50. Akisubiri taarifa iishe, kituo kikaiacha rekodi yake mtandaoni, kisha akaitazama saa moja baadaye kwa kompyuta ileile, hadaiwi chochote. Habari ni zilezile, mtazamaji ni yuleyule, na BBC, ambayo ndiyo inayolipwa fedha za leseni hiyo, haikuchangia hata sentensi moja katika taarifa hiyo.

Tofauti ya saa hiyo moja ndiyo inayobeba mgogoro mzima wa leseni hii. Wenzetu wengi wanaohamia Uingereza hujiliwaza kwa hoja mbili: kwamba nyumbani hawana televisheni ila kompyuta tu, na kwamba wanachotazama ni vituo vya kwao, wala si BBC. Hoja zote mbili zinaeleweka, na zote mbili hazitawasaidia mbele ya hakimu. Sheria iliacha zamani kuuliza mtu ana kifaa gani, wala haiulizi kituo kimetoka nchi gani. Inauliza kama anatazama kipindi wakati ambao umma nao unakitazama. Kigezo hicho cha wakati kilikuwa njia ya busara ya kuinusuru leseni kompyuta ilipoingia majumbani. Leo kimechakaa kiasi cha kuwabana wanyonge na kuwapita wajanja, na naona nchi zilizoacha mapema kuhesabu vifaa na saa zilifanya uamuzi wenye haki zaidi, ingawa nao una machungu yake.

Leseni hii ilianza na redio. Mwaka 1922 Mwingereza alilipa shilingi 10 ili aruhusiwe kuwa na chombo cha kupokelea matangazo. Juni 1946 ikaja leseni ya kwanza ya televisheni kwa pauni 2. Januari 1968, picha za rangi zilipoanza kuzoeleka, mwenye televisheni ya rangi akatakiwa kulipa pauni 10 kwa jumla. Leseni ya redio peke yake ilifutwa mwaka 1971. Ya televisheni ya rangi nyeupe na nyeusi ipo hadi leo, kwa bei nafuu, na bado kuna maelfu ya watu wanaoilipia, jambo linaloonyesha jinsi mfumo huu unavyochelewa kuzika wafu wake. Katika miaka hiyo yote mantiki ilikuwa nyepesi: chombo kilikuwa na kazi moja tu, hivyo kuwa nacho na kukitumia vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Hakuna aliyenunua televisheni ya mwaka 1955 ili aandikie barua.

Kompyuta ndiyo iliyoivunja mantiki hiyo, na ilianza kuivunja kabla hata ya intaneti kuwa na kasi ya kutosha kubeba picha. Matangazo ya dijitali ya ardhini yalianza Uingereza mwaka 1998, yakaimarika kupitia Freeview mwaka 2002, na mtambo wa mwisho wa analojia ukazimwa huko Ireland ya Kaskazini tarehe 24 Oktoba 2012, wiki chache tu kabla Dar es Salaam haijazima mitambo yake tarehe 31 Desemba mwaka huohuo. Waliokaa Tanzania na Kenya wakati ule wanakumbuka zaidi foleni za kununua ving'amuzi, na Kenya wanakumbuka pia mvutano wa mwaka 2015 ulioziacha chaneli kubwa zikiwa hazionekani kwa siku kadhaa. Kisichokumbukwa sana ni kilichobadilika ndani ya chombo chenyewe. Matangazo ya dijitali ni mkondo wa tarakimu zilizobanwa, na king'amuzi ni kompyuta ndogo inayozikunjua na kuzirudisha kuwa picha na sauti. Kwa hiyo kompyuta yoyote, ikichomekwa kipokezi kidogo kwenye mlango wa USB na kupewa antena fupi, inaweza kufanya kazi hiyohiyo bila king'amuzi, na hata kurekodi chaneli mbili kwa wakati mmoja.

Bunge la Uingereza liliona hilo likija. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003, katika kifungu cha 363, inakataza kufunga au kutumia kipokezi cha televisheni bila leseni. Kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2004 ndizo zinazoeleza kipokezi hicho ni kitu gani. Kwa maneno yangu, kanuni zinasema ni kifaa chochote kilichofungwa au kinachotumika kwa lengo la kupokea huduma ya televisheni, kiwe kinapokea kwa mawimbi ya hewani au kwa njia nyingine yoyote, na kiwe kina kazi nyingine au hakina. Kisha zinaongeza kwamba kupokea huduma hiyo kunajumuisha kupokea kipindi wakati uleule, au karibu wakati uleule, ambapo wananchi wengine wanakipokea. Neno hilo "karibu" si la bahati mbaya. Matangazo ya mtandaoni huchelewa nyuma ya yale ya antena kwa sekunde kadhaa, na pasingekuwa na neno hilo kila mtu angejitetea kwa sekunde zake.

Matokeo yake yana pande mbili, na upande wa pili husahaulika. Kwanza, kompyuta, simu janja, kishikwambi na hata mashine ya michezo huwa kipokezi cha televisheni pale tu zinapotumika kwa kazi hiyo. Pili, televisheni kubwa iliyoning'inizwa ukutani, ambayo mwenyewe huitumia kwa kutazama rekodi, kucheza michezo au kufungua filamu za kulipia mtandaoni, haihitaji leseni hata kidogo. Kuwa na televisheni si kosa Uingereza, na yeyote anayewatisha wapangaji wapya kwa kuwaambia vinginevyo anawapotosha.

Kuhusu vituo vya nje, maelezo ya TV Licensing, jina ambalo BBC hulitumia katika ukusanyaji wa leseni, hayana utata: kutazama mubashara chaneli yoyote, hata ya nchi ya nje, hata kupitia YouTube au Amazon Prime Video, kunahitaji leseni. Mtu anayejirekodi mubashara kwa simu yake akipika pilau hahesabiwi kuwa huduma ya televisheni. Chaneli ya Nairobi inayorusha matangazo yaleyale angani na mtandaoni inahesabiwa. Katikati yao kuna vituo vya mtandaoni vya Tanzania ambavyo havina mtambo wowote wa angani lakini vina watangazaji, studio na ratiba. Hapo sheria iliyotungwa mwaka 2003 inaanza kusitasita, na mtazamaji anaachwa akisie.

Mwanya mkubwa zaidi ulifunguliwa na BBC yenyewe. Siku ya Krismasi ya mwaka 2007 ilizindua iPlayer, huduma ya kutazama vipindi mtandaoni baada ya kurushwa. Kwa kuwa sheria ilishika kipindi kinachotazamwa wakati wa kurushwa tu, mtu angeweza kukaa mwaka mzima akitazama tamthilia na makala za BBC kwa kompyuta, bila leseni, mradi awe na subira ya saa chache. Ilichukua karibu miaka tisa kuuziba mwanya huo: tangu tarehe 1 Septemba 2016 kipindi chochote cha BBC kinachotazamwa kwenye iPlayer kinahitaji leseni, kiwe mubashara au kilirushwa mwezi uliopita. Vipindi vya chaneli ya Kiwelshi ya S4C vikaachwa nje ya sharti hilo, hata vinapotazamwa humohumo ndani ya iPlayer baada ya kurushwa. Vipindi vya redio navyo havimo.

Sasa hesabu iliyobaki mikononi mwa raia wa kawaida ni hii: kwa BBC kwenye iPlayer, leseni wakati wote, kwa chaneli nyingine zote duniani, leseni wakati wa mubashara tu, kwa S4C kwenye iPlayer, inategemea, kwa mechi ya Ligi ya Mabingwa kwenye Amazon Prime Video, ambako tayari umeshalipa ada ya mwezi, leseni inahitajika, kwa filamu ndani ya huduma hiyohiyo, haihitajiki. Mwanasheria ataipenda hesabu hiyo. Mhudumu wa wazee anayerudi kutoka zamu ya usiku, akafungua kompyuta na kubofya kitu cha kwanza kinachojitokeza, hana sababu ya kuijua.

Kanuni inayonishangaza kuliko zote inahusu umeme. Leseni hutolewa kwa anwani, si kwa mtu, lakini zile kanuni za mwaka 2004 zinaruhusu leseni ya nyumbani imfuate mwenye nyumba nje kwa sharti moja: kifaa anachotumia kiendeshwe na betri yake ya ndani peke yake, bila kuunganishwa na umeme wa ukutani wala antena ya nje. Kwa mwanafunzi Mwingereza ambaye wazazi wake wana leseni huko Devon, maana yake ni kwamba anaweza kutazama mpira mubashara katika chumba chake cha bweni kule Leeds mradi kompyuta mpakato isiwe kwenye chaji. Akichomeka waya ili betri isizime kabla ya penalti, chumba chake kimegeuka mahali pasipo na leseni. Akiuchomoa, amerudi ndani ya sheria. Wakati redio na televisheni ndogo za betri zilipobebwa ufukweni, kanuni ya aina hiyo ilikuwa na mantiki: iliwatenganisha watu walio matembezini na walio majumbani. Katika dunia ambamo kila mtu anaishi juu ya betri na chaja, imebaki kuwa fumbo la kuchekesha.

Lakini halimchekeshi kila mtu, kwa sababu nafuu hiyo ina mlango mwembamba. Inamfaa mwenye wazazi ambao anwani yao iko Uingereza na ina leseni ya Uingereza. Mwanafunzi ambaye wazazi wake wako Mwanza au Eldoret hawezi kuitumia hata kompyuta yake iwe na betri ya kudumu wiki nzima, maana hakuna leseni ya nyumbani ya kumfuata. Wanafunzi wawili waliokaa vyumba jirani, wanaotazama mechi ileile kwa kompyuta za aina moja, wanajikuta mmoja yuko salama na mwingine ni mkosaji, na kinachowatofautisha ni mahali mama zao wanapoishi. Sidhani kama kuna aliyekusudia ubaguzi huo. Ni matokeo ya kanuni iliyoandikwa kwa kuwazia familia ya aina moja.

Suala la vyumba nalo linaelemea upande huohuo. Waliopanga nyumba nzima kwa mkataba mmoja wa pamoja kwa kawaida hutosheka na leseni moja. Waliopanga chumba kimoja kimoja, kila mmoja na mkataba wake, kila mmoja huhitaji leseni yake. Wahamiaji wapya kwa kawaida huangukia kundi la pili, kwani hawana mdhamini wala historia ya benki ya kuwawezesha kupanga nyumba nzima. Nyumba yenye vyumba vitano vya wauguzi na madereva, kila mmoja akifuatilia habari za kwao kwa simu yake jioni, kwa hesabu ya sheria inadaiwa zaidi ya pauni 870 kwa mwaka, wakati familia tajiri yenye nyumba kubwa na televisheni katika kila chumba inalipa leseni moja.

Namna kanuni hizi zinavyotekelezwa inaeleza kwa nini mzigo huangukia pale unapoangukia. Magari ya kunasa televisheni yalianza kuzunguka mitaa ya Uingereza mwaka 1952, na yalikuwa na msingi wa kifizikia: televisheni za wakati ule zilikuwa na kitu ndani yake kilichotoa mawimbi hafifu, na chombo kizuri kingeweza kuyanusa kutoka barabarani. Mkondo wa intaneti unaoingia kwenye kompyuta hauachi harufu ya namna hiyo. BBC imeendelea kusema ina vifaa vya utambuzi bila kueleza kwa kina namna vinavyofanya kazi, lakini kazi halisi hufanywa na orodha ya anwani, barua nyingi na wakaguzi wanaobisha hodi. Mkaguzi hana haki ya kuingia ndani bila ridhaa ya mwenye nyumba au hati ya upekuzi ya mahakama. Ushahidi anaoutegemea sana ni ule anaouona akikaribishwa, na maneno ya mtu mwenyewe pale mlangoni.

Kwa hiyo anayeshikwa ni anayefungua mlango. Katika takwimu za Uingereza na Wales, zaidi ya theluthi mbili ya wanaohukumiwa kwa kutokuwa na leseni ni wanawake, na BBC ilipochunguza sababu ilikiri kwamba wanawake ndio wanaokuwa nyumbani zaidi mkaguzi anapofika, na ndio wanaofungua. Kesi nyingi huamuliwa na hakimu mmoja kwa kusoma karatasi tu, mshtakiwa akiwa hayupo, na faini yaweza kufika pauni 1,000 pamoja na gharama. Hakuna anayefungwa kwa kosa lenyewe, ila kutolipa faini kwaweza kumfikisha mtu jela. Kwa Mwingereza hukumu ya aina hii ni aibu ndogo inayopita. Kwa mgeni uzito wake ni mwingine, kwa sababu fomu za viza na za uraia huuliza kuhusu hukumu za jinai, na kuficha jibu ni kosa baya kuliko kosa lenyewe. Ndiyo maana simshauri mtu yeyote acheze na kanuni hizi kwa kutegemea kwamba kompyuta haionekani kutoka barabarani. Kama anatazama mubashara, alipe. Kama hataki kulipa, asubiri rekodi na aiache iPlayer kabisa.

Kulipa huko, tuwe wakweli, si kutupa fedha. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza Juni 1957, kwa miongo mingi ililipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza pamoja na idhaa nyingine za nje. Aprili 2014 mzigo huo ulihamishiwa kwenye fedha za leseni, na ingawa tangu 2016 serikali imerudisha ruzuku kwa sehemu, bado sehemu kubwa ya gharama hutoka kwa wenye leseni. Msikilizaji wa Kigoma au wa Bukavu anayesikia Dira ya Dunia hajawahi kutozwa hata senti. Amekuwa akilipiwa na bibi wa Sheffield. Muuguzi wetu anapolipa leseni yake, kiasi kidogo sana cha fedha hizo huzunguka na kurudi nyumbani kwa Kiswahili. Kituo anachokitazama mubashara, kile kilichomfanya adaiwe, hakipati kitu.

Hapo ndipo napotofautiana na wanaotaka tu leseni ifutwe. Utangazaji wa umma una thamani, na sisi wa Afrika Mashariki tumekula matunda yake kuliko wengi. Swali langu ni la njia ya kuugharamia, na njia hiyo nchi nyingine zimekwisha kuipitia, kwa kujikwaa hasa mbele ya kompyuta.

Ujerumani ilianza kutoza kompyuta zenye intaneti mwaka 2007, kwa wale wasiokuwa na redio wala televisheni. Mawakili na wanafunzi walipinga wakisema kompyuta zao ni za kazi, na Oktoba 2010 mahakama kuu ya utawala ya nchi hiyo ikaamua dhidi yao: kompyuta inayoweza kupokea matangazo ni kipokezi, hata kama mwenyewe hakitumii hivyo. Uswidi ilipita njia hiyohiyo ikafika kwingine. Televisheni ya umma ilipoweka vipindi vyake vyote mtandaoni mwaka 2013, wakusanyaji wa ada wakaanza kudai malipo kwa kila kompyuta, na Juni 2014 mahakama ya juu ya utawala ikawakatalia: kompyuta haikukusudiwa kupokea televisheni, basi si televisheni. Mahakama mbili zenye heshima, katika nchi mbili zinazofanana kwa mengi, zilitoa majibu yanayopingana kwa swali moja ndani ya miaka minne. Nadhani zote mbili zilikuwa sahihi kwa sheria zilizokuwa mbele yao. Swali lenyewe ndilo lililokuwa limepitwa na wakati.

Ujerumani ililiacha tarehe 1 Januari 2013. Tangu hapo kila kaya hulipa mchango mmoja, ambao mwaka 2021 uliwekwa euro 18.36 kwa mwezi, iwe na televisheni kumi au isiwe na hata redio ya betri. Wanaoishi kwa misaada fulani ya serikali husamehewa wakiomba. Mahakama ya Katiba iliuthibitisha mchango huo Julai 2018, ikikataa tu mtu mwenye nyumba mbili kutozwa mara mbili. Uswidi iliachana na ada ya vifaa mwaka 2019, ikaweka mchango wa asilimia 1 ya kipato kinachotozwa kodi, wenye kikomo cha juu. Ufaransa iliifuta kabisa ada yake mwaka 2022, ambayo ilikuwa euro 138 kwa mwaka na haikuwahi kuwagusa wenye kompyuta pekee.

Mfano wa Italia utawagusa zaidi wasomaji wa Tanzania. Tangu mwaka 2016 ada ya televisheni ya umma hukusanywa huko kupitia bili ya umeme, kwa dhana kwamba nyumba yenye umeme ina televisheni mpaka mwenyewe atakapotangaza kwamba haina. Kompyuta isiyo na kipokezi cha matangazo haihesabiwi. Ukwepaji uliokuwa sugu ulishuka mara moja. Tanzania ilitumia hila hiyohiyo mwaka 2021 kwa kodi ya majengo, ilipoanza kuikata kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mara wapangaji wakalalamika kwamba wanawalipia wenye nyumba kodi isiyo yao. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, na yanafundisha kwamba tozo inayofuata nyumba ni rahisi kukusanya lakini lazima iseme waziwazi nani anayeibeba, vinginevyo hushuka hadi kwa aliye chini.

Afrika Mashariki yenyewe haimtozi mtazamaji leseni ya aina hii kwenye kompyuta, na sioni kama ingewezekana. Tanzania imechukua njia iliyo kinyume: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye televisheni ya mtandaoni, yaani anayerusha, ajisajili na kulipa ada iliyokuwa shilingi milioni moja kwa mwaka, mbali na gharama ya maombi. Uingereza inamwacha mrushaji mdogo wa mtandaoni aendelee na shughuli zake na kumsaka anayetazama. Ukiniuliza ipi ina madhara zaidi kwa uhuru wa habari, nitasema ya kwetu, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine.

Pingamizi kubwa dhidi ya mchango wa kaya ni kwamba unamtoza hata asiyetazama. Ni kweli, na inauma. Ila pingamizi hilo lilikuwa na nguvu zaidi pale kutotazama kulipoweza kuthibitishwa kwa kutokuwa na chombo. Leo kila nyumba ina vyombo vitatu au vinne vinavyoweza kupokea, na uthibitisho uliobaki ni neno la mtu mwenyewe. iPlayer humtaka mtumiaji ajisajili na kujibu kama ana leseni, kisha humwamini. Mfumo unaomwamini anayebofya "ndiyo" kwenye kioo, lakini ukampeleka mahakamani anayesema ukweli mlangoni, umeweka faida upande wa mwongo. Mchango wa kaya wenye viwango vinavyofuata kipato, unaokusanywa pamoja na kodi ya halmashauri, usingehitaji mkaguzi wala barua za vitisho, na kutolipa kungekuwa deni la kawaida badala ya jinai.

Muda wa kufikiri unakaribia kwisha. Hati ya kifalme inayoiongoza BBC inamalizika tarehe 31 Desemba 2027, na namna ya kuigharamia baada ya hapo ndilo jambo linalobishaniwa sana. Wakati huohuo matangazo ya antena yamehakikishiwa nafasi yake angani hadi mwaka 2034 tu, na tangu Aprili 2024 watangazaji wakubwa wa Uingereza wana huduma yao ya pamoja, Freely, inayopeleka chaneli zilezile kwa njia ya intaneti. Mitambo ya ardhini ikizimwa, kila televisheni iliyobaki itakuwa kompyuta yenye kioo kikubwa, na mubashara itakuwa kitufe kimojawapo kati ya vingi juu ya kioo hicho.

Kwa wapangaji wa vyumba tofauti, nafuu ya mchango wa kaya itategemea jinsi neno "kaya" litakavyoandikwa. Ujerumani inahesabu makazi, hivyo wanafunzi watano wanaoishi katika fleti moja hugawana mchango mmoja, hata kama kila mmoja ana mkataba wake na mwenye nyumba. Waingereza wakiiga mchango huo lakini wakabaki na desturi yao ya kuhesabu mikataba, ile nyumba ya wauguzi na madereva itaendelea kulipa mara tano.